Hewa Safi, Lakini ya Nani?

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, isipokuwa mama, ambaye anasema hajambo ili asipelekwe hospitali. Goti limetulia, kifua bado. Kuku wake mmoja amehamia kwa jirani na mama amekataa kwenda kumdai. Anasema aliyehama kwa hiari yake asibembelezwe. Alivyosema hivyo alikuwa anaangalia picha yako ukutani, kwa hiyo ujumbe umekufikia. Mdogo wetu Chiriku mimba yake imekuwa kubwa mpaka anaweka kikombe cha chai juu ya tumbo kama meza. Mdomo haujapungua hata kidogo. Kila anayemuuliza jina la mtoto anapewa la kwake, na mumewe ameshakata tamaa ya kujua lipi ni la kweli.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zako nimezichoka. Nikipiga unasema, "Dada, niko kikaoni, nitakupigia," na kikao chenyewe sijui kitaisha mwaka gani. Barua angalau huwezi kuikata.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha chini. Mradi wenu wa hospitali ya kijani umefika kwetu kwa vigelegele. Mmelifunga lile tanuri la kuchomea taka, na kwa hilo Mungu awabariki, nasema kwa moyo mweupe. Mama amefungua dirisha la nyuma, linalotazama ukuta wa hospitali, ambalo lilikuwa limefungwa tangu baba yuko hai. Paneli za sola zimepangwa juu ya paa, zinameta mpaka macho yanauma. Mitungi ya oksijeni inayoletwa kwa lori mmeiondoa, mkatuletea mashine zinazotengeneza oksijeni papo hapo. Nzuri sana. Lakini mashine hizo zinakula umeme, na jenereta nalo mmeling'oa. Umeme wa gridi ukikatika tunabaki na betri zenu. Na betri zikipungua nguvu, wodi ya kwanza kuzimwa ni ya wazazi. Ya kwanza! Wakati ile wodi ya kulipia, huko wanakolala wakubwa, viyoyozi vinaendelea kunguruma na taa za bustani zinawaka mchana.

Mimi ndiye kiongozi wa wauguzi wa wodi ya wazazi, kwa hiyo nina haki ya kuuliza: nani aliamua sisi tuwe wa kwanza kuzimwa? Usinitumie vipeperushi. Nijibu wewe, mhandisi wa mradi, ambaye nilikufundisha kufunga kamba za viatu.

Mvua zinakaribia.

Dada yako

29 Machi

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nikacheka sana kuhusu kuku, halafu nikaacha kucheka. Mwambie mama ujumbe umefika na nitakuja mwaka huu, safari hii si ahadi ya midomo. Mimi ni mzima. Hapa makao makuu mafua yanazunguka ofisini, mtu mmoja akipiga chafya wote tunamwangalia kama mwizi. Mwambie Chiriku mimi ni mjomba wa mtoto na sijaulizwa maoni kuhusu jina. Vitu vidogo vya mtoto nimeshaanza kununua. Mwenye duka aliniuliza kama ni wa kike au wa kiume, nikamjibu ni wa dada yangu.

Dada, naomba unielewe. Jenereta lile lilikuwa limewekwa upande wa ukuta wa nyuma, na moshi wake pamoja na wa tanuri ulikuwa unaenda wapi? Unaenda kwa mama. Unaenda kwa wale watoto wa nyuma ya ukuta wanaopumua kwa mluzi. Wewe mwenyewe umewahudumia. Kuna jambo linanikera kila siku: mgonjwa akifa kitandani watu wote wanajua, kuna kilio, kuna maswali. Lakini anayeuliwa taratibu na moshi wa hospitali, mahali panapodai kuponya, huyo haandikiwi barua na mtu. Hospitali haiwezi kuwatibu watu kwa mlango wa mbele na kuwatia ugonjwa kwa mlango wa nyuma. Nimeingia kazi hii kwa sababu ya kifua cha mama, kama hukujua.

Kuhusu mpangilio wa umeme, kila mfumo mpya una kipindi cha mpito. Betri za nyongeza ziko kwenye mpango. Kurudisha jenereta haiwezekani, kwa sababu mwezi wa nane tunakaguliwa ili tupewe cheti cha hospitali ya kijani, na sharti lake ni kutokuwepo kabisa kwa dizeli. Cheti hicho ndicho kitakachofungua milango ya wafadhili kwa hospitali nyingine zote. Vumilieni kidogo.

Nisalimie wote, na kuku pia akirudi.

Mdogo wako

26 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mama anakohoa kidogo kuliko zamani, dirisha bado liko wazi. Shemeji yako anakusalimu. Kuku hakurudi. Nimechelewa kukujibu, nimekaa na karatasi mbele yangu mara nyingi nikainuka.

Swali langu hukulijibu. Nilikuuliza nani aliamua, ukanieleza habari za mpito. Sawa. Ngoja nikueleze mpito ulivyotupitia.

Mvua zilikuja zikakaa. Jua hatukuliona, na paneli zenu bila jua ni mabati ya bei mbaya. Mchana mmoja umeme wa gridi ukakatika. Kwenye wodi yangu kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa amejifungua asubuhi ile, mtoto wake wa kiume akatoka akiwa amechoka, hapumui vizuri. Tulimweka kwenye mashine ya oksijeni na alikuwa anapata rangi. Niliona kwa macho yangu midomo ikiwa myekundu. Mama yake alikuwa anamwambia, "Haya, mkaidi wangu, vuta, vuta." Halafu taa zikazimika, na mashine ikapiga mlio ule mmoja mrefu ikanyamaza.

Nilichukua mfuko wa kupulizia hewa nikaanza kuubana kwa mkono. Ule unasukuma hewa ya kawaida tu, na huyu alikuwa anahitaji zaidi ya hapo. Nikamtuma muuguzi mwenzangu akimbie wodi ya kulipia, tunajua wote kwamba wao waliachiwa mtungi mmoja wa oksijeni "kwa dharura." Akarudi mikono mitupu, amelowa chapachapa. Alichoambiwa ni kwamba mtungi hautoki mle bila idhini ya mkurugenzi, na mkurugenzi hapatikani.

Basi nikamfunika mtoto, nikambeba, mwenzangu anabana ule mfuko pembeni yangu, tukavuka uwanja kwenye mvua. Mlango wa kioo wa wodi ya kulipia ulikuwa umefungwa ili ubaridi usitoke. Unanisikia? Ubaridi usitoke. Mlinzi akasema, "Sista, nina amri, msubiri kidogo nipige simu." Nikamwambia, "Mpigie Mungu, umwambie unamsubirisha." Akafungua, na kwa kweli simlaumu, naye ana wanawe wa kulisha. Lakini mtoto alikuwa ameshanifia mikononi, palepale kwenye zulia, na kiyoyozi kinatupuliza juu ya vichwa.

Mkurugenzi ametuandikia kwamba mtoto alizaliwa dhaifu. Kweli alizaliwa dhaifu. Ndiyo maana kuna hospitali.

Nakuuliza mara ya pili. Nani aliamua?

Dada yako

11 Juni

Dada,

Salamu kwako na kwa shemeji. Nimeisoma barua yako na nimesikitika sana. Hakuna kipimo cha huzuni ya mama yule na naomba umfikishie pole zangu.

Nimelifikisha tukio hilo kwa wahusika. Nimeambiwa taarifa ya kitaalamu inaandaliwa na haitakuwa busara kulitolea maoni kabla haijakamilika. Naomba nawe uwe mwangalifu, kwa sababu kuna watu wanaotafuta sababu ya kuuangusha mradi mzima, na mradi ukianguka tanuri litawashwa tena. Tukilitazama kwa upana, huduma zimeboreka, na matukio ya aina hii katika kipindi cha mpito ni changamoto ambazo mfumo unajifunza kwazo.

Chiriku je? Nilitegemea mpaka sasa nimeshapewa habari. Nampigia hapatikani. Mama nilipompigia alisema tu, "Dada yako atakuandikia," akanipa maelezo marefu kuhusu bamia. Kifurushi cha mtoto kiko tayari, kina kofia ya njano. Niambie nikitume kwa nani.

Mdogo wako

15 Juni

Dada,

Sina salamu leo.

Nimempigia mama tena nikambana. Akasema, "Kumbe hujaambiwa kuwa ni wetu?" Nilidhani sikusikia vizuri.

Mama mmoja. Uliniandikia "mama mmoja." Umekaa ukaandika barua nzima ukamficha mdogo wetu ndani yake, ukaniacha nitume pole kama za mtu wa ofisini. Niliandika kofia ya njano, Dada. Niliandika bamia. Kwa nini ulinifanyia hivi? Ni ukatili gani huu?

Simu yako imezimwa. Ukipata barua hii nijibu.

8 Julai

Mdogo wangu,

Mimi salamu ninazo, na nakupa. Mama yuko salama. Chiriku anakula sasa, kidogo. Anazungumza, ila ni yale ya lazima: nipe maji, funga mlango. Mumewe anakaa naye uani wanachambua mchele ambao umeshachambuliwa.

Unaniuliza kwa nini. Niliwaomba mama na wote hapa waniachie mimi nikuandikie. Nilipokaa kuandika jina la Chiriku, mkono ukagoma. Kwanza ulikuwa uchungu. Baadaye nikaacha kwa makusudi, nakuambia bila kupepesa. Nilitaka kujua unamwandikia nini mtu asiye wako. Nikajua. Unamwandikia "tukio." Unamwandikia "mfumo unajifunza." Mfumo umejifunza nini, mdogo wangu, na ada yake amelipa nani?

Ilipokuwa mtoto wa mtu, ulikuwa na busara. Ulipojua ni wetu, salamu zikakuisha. Sikulaumu kwa kulia, damu ni damu. Ila wodi yangu imejaa watoto wa watu. Kila anayezaliwa mle ni wa mtu.

Na usinigeuzie maneno ukasema napenda moshi. Kifua cha mama nilikisikiliza mimi, usiku na mchana, wewe ukiwa chuoni. Nataka tanuri libaki limefungwa, jenereta lisirudi, na lile paa la sola liwe mara mbili. Ninachokataa ni hiki: kila mnapotaka kufunga mkanda, mnaufunga kwenye kiuno cha mgonjwa asiye na mtu wa kumpigia simu. Mnataka kupunguza umeme? Anzeni na viyoyozi. Zimeni taa za bustani. Mkurugenzi afungue dirisha kama mama alivyofungua. Mmeianza safari kutoka upande wa wachanga, ambao hata kupiga kelele hawajajifunza, kisha mkaita hiyo ni hewa safi. Safi ya nani?

Wiki iliyopita mkurugenzi aliniita ofisini. Kuna baridi mle mpaka nilijikunyata. Akasema, "Sista, kwa ajili ya ukaguzi ujao, tungependa wauguzi wote waongee lugha moja." Nikamjibu kwamba lugha ninayo moja tu, ndiyo ile niliyompa mama wa marehemu. Sasa nimesimamishwa kazi "kupisha uchunguzi." Sare yangu nimeifua na kuipiga pasi, ipo.

Nakuuliza kwa mara ya tatu, na hii ni ya mwisho. Nani aliamua?

Dada yako

30 Agosti

Dada yangu,

Nakusalimu, na mama, na Chiriku kama atakubali salamu zangu. Mimi afya ninayo. Usingizi umenikimbia, lakini huo si ugonjwa.

Jibu ni hili. Mchoro wa kwanza niliochora uliweka wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji mbele ya kila kitu. Mkurugenzi akaurudisha. Alitaka wodi ya kulipia isiguswe, kwa sababu wagonjwa wake wakisikia joto watahamia kwingine. Mimi nikachora upya na kuweka sahihi. Nilijiambia betri za nyongeza zitakuja kabla ya mvua. Aliyeamua ni yeye, aliyechora ni mimi, na mtoto hakufa kwa uamuzi peke yake. Alikufa kwa waya, na waya niliuchora mimi.

Sikuandika mapema kwa sababu nilitaka niwe na kitu cha kukuambia zaidi ya pole.

Nilienda kwenye bodi. Nikaomba umeme wa betri uhamishwe, wodi ya wazazi iwe ya mwisho kuzimwa, viyoyozi viwe vya kwanza. Mjumbe mmoja akasema, "Mhandisi, tunakuelewa, umefiwa." Nikamwambia, "Ningekuwa nimefika hapa kabla ya kufiwa, ungenielewa zaidi?" Mkurugenzi akaeleza kwamba wodi ya kulipia ndiyo inayobeba hospitali. Wakapiga kura, nikashindwa vibaya. Nilitoka pale nikiwa na aibu ya ajabu, kwa sababu hoja zao zote nilizifahamu. Zilikuwa zangu za mwezi wa tatu.

Basi nikafanya kile kilichobaki mikononi mwangu. Wakaguzi wa cheti hawakubali mfumo bila mhandisi aliyeusimamia kuthibitisha kwa jina lake kwamba ni salama kwa wagonjwa. Nimeliondoa jina langu. Wakaguzi walipouliza sababu, nikawapa barua yako ya mwezi wa tano, yote, bila kupunguza neno. Samahani kwamba sikukuomba ruhusa kwanza.

Ukaguzi umesimamishwa. Na sasa sikiliza, Dada, ukasirike pamoja nami. Bodi ambayo ilikuwa imesema kuhamisha waya ni kazi kubwa isiyowezekana mwaka huu, imegundua kwamba inawezekana. Mafundi wanakuja kwenu wiki ijayo. Mtoto hakuwagusa. Cheti kimewagusa. Nilipoambiwa nilitaka kufurahi, nikashindwa, nikaingia chooni nikapiga ukuta ngumi kama mtoto.

Wewe wamekubali urudi kazini. Wameandika "baada ya uchunguzi kukamilika." Hawakuandika samahani, nimetafuta pande zote mbili za karatasi.

Kazi yangu sijui kama nitabaki nayo. Si muhimu kwa sasa. Ninachotaka kujua ni kama naweza kuja nyumbani. Sijui nitamwambia nini Chiriku. Nimeandika maneno mengi nikayachana. Labda wewe unayajua.

Mdogo wako

21 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezifikisha zote. Mama ni mzima, ameanza kubishana na jirani, ndiyo dalili ya afya.

Mafundi walikuja. Walivuta waya mpya, wakabandika alama nyekundu kwenye sanduku la umeme, nami nikasimama nyuma yao kazi nzima mpaka mmoja akasema, "Sista, unatutisha." Nikamwambia vizuri, aendelee kutishika. Juzi gridi ilikatika na mawingu yalikuwa mazito. Mashine zetu hazikutikisika. Kule wodi ya kulipia viyoyozi vilizimika, wakafungua madirisha. Nilienda kuangalia kwa macho yangu. Hakuna aliyekufa kwa joto. Bwana mmoja mnene alikuwa anajipepea kwa gazeti na kunung'unika, nikamuuliza kama anahitaji msaada, akasema hapana, ni upepo tu unapeperusha kurasa. Nilitoka pale nikaenda kukaa stoo ya mashuka. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Dirisha tu! Hasira yangu haijaisha na siombi iishe.

Umewapa wakaguzi barua yangu bila kuniuliza. Ungeniuliza ningekubali, lakini ungeniuliza.

Kuhusu kile mkurugenzi alichokuagiza, na ulichokichora, nimekisoma. Sitakwambia si kitu. Ni kitu. Lakini umenijibu, na kwa miezi yote hii hakuna mwingine aliyenijibu.

Nilimsomea Chiriku barua yako yote, alitaka hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie pale kwenye mjumbe wa bodi. Ndipo akasema maneno marefu ya kwanza tangu mwezi wa tano, nayaandika kama yalivyotoka:

"Mwambie aje. Asije na maelezo, nimeshayasikia, na asije na kifurushi. Aje akae hapa tulipo. Nikitaka kumpiga nitampiga, nikitaka kulia nitalia, na yeye asiangalie saa. Na mwambie mtoto alikuwa na jina. Sitamtajia kwenye barua. Atalisikia akifika."

Njoo.

Dada yako